Kidole kimebanwa na mlango, tusi limenitoka. Nilikuwa namtukana nani?

#1 Mvumo
Habari wakuu. Jana jioni mlango ulinibana kidole cha kati, mkono wa kulia. Ndani nilikuwa peke yangu. Kabla hata sijaangalia kama kinatoka damu, lilinitoka tusi la nguoni kabisa, ambalo sijawahi kulitamka mbele ya wazazi wangu na sitarajii kulitamka.

Usiku huohuo nikakaa kumwandikia rafiki yangu ujumbe wa pole, kafiwa na mama yake. Nikaandika "nimesikia mama amekufa", nikafuta. Nikaandika "amefariki", nikaona bado ni kali, nikafuta. Nikaishia "mama ametutangulia". Ilinichukua karibu robo saa kupata maneno mawili.

Mdomo ni mmoja na siku ni moja. Neno moja nimelitapika bila kufikiri, jingine nimelizunguka kama shimo la barabarani. Nauliza kwa dhati: kwa nini tunatukana hata pasipo mtu, na kwa nini tunaogopa maneno ambayo kila mtu anajua maana yake?

#2 Kibatari
Pole na kidole, mkuu. Mlango umetukanwa na haujajibu, huo ni uungwana. Weka barafu, mengine wenyewe wanakuja.

#3 FundiBomba
Mleta mada, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya bomba. Spana ikiteleza kwenye nati, ngumi inakwenda moja kwa moja ukutani na tusi linatoka kabla ya damu. Nimelifikiria sana hili nikiwa nimelala chini ya masinki ya watu. Jibu langu: ni mvuke. Maumivu yakiingia, lazima kitu kitoke. Nilikuwa na kijana mmoja najifunza naye kazi, mlokole, yeye anauma meno tu na kunyamaza. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka vifaa chini na kukaa pembeni. Mimi natukana, naendelea kufunga nati.

#4 MsomaUsiku
FundiBomba, hilo limepimwa. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwatumbukiza wanafunzi mikono kwenye maji ya barafu. Zamu moja mtu anarudia tusi alilolichagua mwenyewe, zamu nyingine anarudia neno la kawaida tu, la kuelezea meza. Kwenye zamu ya tusi walivumilia muda mrefu zaidi, na walipoulizwa wakasema maumivu yalikuwa madogo. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile inayopewa utafiti unaochekesha kwanza halafu ukakufikirisha.

Lakini kwenye mvuke tunaachana. Mapigo ya moyo yalipanda walipokuwa wanatukana. Mvuke ukitoka chungu hutulia, hapa chungu kilizidi kuchemka. Wao wanaona tusi linaamsha mwili kama wa mtu anayejiandaa kupigana, na mwili ulioamka hausikii sana maumivu.

#5 Kinyonga
Sasa si kelele tu hizo? Angesema "yalaaa!" kwa nguvu si ingekuwa yaleyale?

#6 MsomaUsiku
Swali zuri, nao walijiuliza. Mwaka 2020 Stephens na mwenzake walirudia jaribio wakiwa na maneno mawili ya kubuni yaliyotengenezwa yasikike kama matusi: "fouch" na "twizpipe". Moja linaonekana kali, jingine linachekesha. Hayakusaidia kitu kwenye maumivu, tusi la kweli lilisaidia. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya neno lenyewe, au ndani ya historia yako na neno hilo.

Halafu hili linawahusu mafundi: mwaka 2011 waligundua kuwa anayetukana sana kila siku hafaidiki kama anayetukana mara chache.

#7 FundiBomba
Hilo la mwisho nalithibitisha kwa mwili wangu. Zamani neno moja lilinitosha. Sasa lazima niunganishe matatu.

#8 BintiKamusi
Naomba nirekebishe kitu kabla uzi haujaenda mbali. Mnasema "kutukana" kwa mambo manne tofauti. Kiswahili kinayatenga vizuri:

Kutukana kunataka mtukanwa. Kulaani ni kumwombea mtu baya. Kukufuru ni kumvunjia Mungu heshima. Kuapa ni kumweka Mungu au kitu kitukufu kuwa shahidi. Zipo lugha ambazo kuapa na kutukana ni kitenzi kimoja, Kiingereza kikiwamo, ndiyo maana mjadala ukitokea huko unakuja umechanganyikiwa.

Mvumo hakumtukana mtu. Neno lake lilikuwa limeshavuka, kutoka tusi likawa kihisishi, kama "lo!" au "ebo!", ila limebaki na sumu yake. Kwa hiyo jibu la "nilikuwa namtukana nani" kwangu mimi ni: hakuna, ulikuwa unaguta.

Na tafsida, yaani neno laini la kufunika neno kali, haiko mbali. Sikilizeni watu wanavyoapa. "Haki ya Mungu" ni kiapo kizito, mtu akiogopa kulitaja Jina bure anasema "haki ya nani". Umbo la kiapo limebaki, shahidi kaondolewa. Hicho ni kiapo kilichofunikwa, sawasawa na ulivyofunika kifo kwa "ametutangulia". Woga ni uleule.

#9 Mama Pacha
Haki ya nani, nimelisema maisha yangu yote sijawahi kujiuliza huyo nani ni nani. Ahsante dada.

#10 Kinyonga
Na ile "haki ya mama"? Mama naye kawekwa shahidi. Mama huyohuyo ndiye wa kwanza kutukanwa. Mtu akikukasirikia hakutukani wewe, anakwenda kumtafuta mama yako aliyetulia zake nyumbani.

#11 Mama Pacha
Kinyonga umenigusa pabaya, na mimi hapa sitanii. Nina watoto wawili wa kiume, mapacha. Wamerudi wamepigana na wenzao, nauliza sababu, wananiambia "kamtukana mama". Nauliza, huyo mtoto ananijua? Hanijui. Hajawahi kuniona. Lakini mwili wangu ndio uliotumika kama jiwe la kurushiana.

Angalieni orodha ya matusi mazito mnayoyajua, kichwani tu, msiyaandike. Mangapi ni ya mwili wa mwanamke? Mwanamume akitukanwa kwa kazi yake ataitwa mvivu, mwizi, mjinga. Mwanamke neno la kwanza ni malaya. Msiniambie hiyo ni kemia ya maumivu. Kuna mtu alichagua.

#12 MsomaUsiku
Mama Pacha, wengine wanaeleza hivi: tusi hutafuta kile ambacho jamii imekiweka juu, au kile inachokiogopa sana. Huko Quebec, Kanada, matusi mazito ya Kifaransa chao ni vyombo vya kanisani: tabernakulo, kikombe cha altare, hostia. Kwa nini? Kanisa lilikuwa limeyashika maisha yao yote. Waholanzi wanatukanana kwa magonjwa: kansa, homa ya matumbo, kifua kikuu. Kwa hiyo mama anatukanwa kwa sababu ndiye mtukufu kuliko wote.

#13 Mama Pacha
Huo utukufu haunifikii, kaka yangu. Baba naye ni mtukufu, mbona haguswi? Maelezo yangu ni mengine: heshima ya mwanamume imehifadhiwa ndani ya mwanamke wake, kama mali. Ukitaka kumwibia, unavunja kule. Wala simchukii aliyesema, ila usinipambie.

#14 Chatu_Mpole
Namuunga mkono Mama Pacha nusu. Nusu nyingine ni kwamba matusi ya baba yapo pia, ila hayana makali. Kwa nini hayana makali, hapo sina jibu.

#15 Mjukuu77
Wakuu, mimi nina kisa ambacho kimenisumbua miaka minne, na nyie mmenifungulia mlango.

Bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaisha. Alikuwa mtu wa heshima zake, mbele yake hata "mjinga" hukulitamka. Baada ya kiharusi akawa hawezi kuniita jina, hawezi kusema maji, hawezi kusema ndiyo. Anafungua mdomo, anatafuta, machozi yanamtoka. Lakini vitu vitatu vilibaki na vilitoka safi kabisa, kwa sauti yake ileile: kuhesabu moja mpaka kumi, dua moja fupi, na tusi moja. Tusi la nguoni. Mama yangu alilia siku ya kwanza alivyolisikia. Ndugu wengine walinong'ona kuwa moyoni ndivyo alivyokuwa siku zote, ugonjwa umemfunua.

Mimi nililelewa naye. Sikubali. Mwenye kujua anisaidie.

#16 MsomaUsiku
Mjukuu77, pole sana, na wambie ndugu zako wamwache bibi na heshima yake.

Mwaka 1861 huko Ufaransa daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, hospitali ya Bicêtre. Kwa miaka mingi huyu bwana alikuwa anasema silabi moja tu, "tan", mpaka wakamwita Tan. Akiulizwa chochote: tan, tan. Ila akikasirika kwa kutoeleweka, lilimtoka kiapo kizima cha Kifaransa cha kumtaja Mungu. Alipofariki Broca alimpasua ubongo akakuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Hapo ndipo elimu ya ubongo na lugha ilipopata msingi.

Wanavyoeleza ni kwamba lugha ya kujenga sentensi, ile unayoichagua neno kwa neno, kwa watu wengi inakaa upande wa kushoto. Maneno yaliyokariri njia, kama kuhesabu, dua, salamu na matusi, yanapita kwingine, upande wa kulia na sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazoshughulika na hisia na mazoea. Kiharusi kikibomoa barabara kuu, vichochoro vinabaki. Ndiyo maana dua na tusi vilibaki pamoja. Bibi hakulichagua lile neno. Lilikuwa limebaki peke yake njiani.

#17 Kinyonga
Na ule ugonjwa wa kutukana ovyo, Tourette, si ndio ushahidi huo? Wote wenye ule ugonjwa wanatukana bila kutaka.

#18 NesiZamu
Kinyonga, si wote, na hili linawaumiza sana wenye hali hiyo. Wanaotamka matusi bila kutaka ni kama mmoja kati ya kumi. Wengi ni kukonyeza, kutingisha bega, kukohoa, kutoa sauti. Georges Gilles de la Tourette aliueleza mwaka 1885 na watu wakang'ang'ania kile kinachoshangaza.

Mjukuu77, nimewauguza wagonjwa wa kiharusi wa aina ya bibi yako, wachungaji na masheikh wakiwamo. Familia huona aibu kunipa mgonjwa akiwa anatukana. Nawaambia mapema, kabla hajafungua mdomo: hiyo ni sauti iliyobaki, msikilize lafudhi, msisikilize neno.

#19 Mjukuu77
Nesi, Msoma, nimesoma nikiwa nimesimama. Nawatumia mama na wajomba hivi sasa.

#20 Kibatari
Kwa walioelimika, nimesoma mahali kuwa matusi yana sauti zake, kwamba herufi zenyewe ni ngumu, k na t na p. Ni kweli?

#21 MsomaUsiku
Karibu hivyo, ila waliona upande mwingine: sauti laini zinakosekana. Shiri Lev-Ari na Ryan McKay, mwaka 2022, waliangalia matusi ya Kiebrania, Kihindi, Kihangaria, Kikorea na Kirusi. Lugha hizo zina asili mbalimbali, lakini kwenye matusi yao l, r, w na y zilikuwa chache. Halafu maneno ya kubuni yasiyo na sauti hizo watu waliyadhania kuwa matusi zaidi ya yale yenye nazo.

#22 BintiKamusi
Nimeyapanga yetu kwenye karatasi. Mshenzi, kenge, punguani, mpumbavu: yanakubali. Halafu malaya: l na y, ndani ya neno moja. Hayawani: y na w. Mwanaharamu: w na r. Hata mbwa ana w. Haya yanateleza mdomoni kama wimbo wa kubembelezea mtoto, na yanaua mtu. Nadhani kwetu makali yanatoka kwenye maana zaidi, na kwenye sarufi.

Naam, sarufi. Kiswahili kinaweza kumtukana mtu bila tusi hata moja. Mtu ni wa m-/wa-. Mhamishe tu: jitu. Limekuja. Limekaa pale. Au mshushe: kijitu. Mzee, zee, kizee. Mwizi, jizi. Hujasema neno chafu, umembadilishia ngeli, umemtoa kwenye watu ukamweka kwenye vitu. Wakati mwingine huhitaji hata kugusa nomino, upatanisho unatosha: "Mwone, kinaongea." Aliyesikia hiyo akiwa mtoto hajaisahau.

#23 Kinyonga
Ngoja. Kiongozi naye ni ki-, na kijana, na kinyozi. Hawajalalamika.

#24 BintiKamusi
Sawa, ndiyo maana nikasema upatanisho. Kiongozi amefika, huyo ni mtu. Sema "kiongozi kimefika" uone. Ila umenikumbusha jambo zito zaidi. Angalia majina ya zamani ya watu wenye ulemavu: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Yote ki-. Tulipoanza kuona aibu, tukafanya nini? Tukampandisha ngeli: mlemavu. Sasa hata mlemavu limeanza kuchakaa, tunasema mtu mwenye ulemavu. Zeruzeru limeachwa, tunasema mtu mwenye ualbino. "Mtu" limeletwa mbele kabisa, ili lisisahaulike tena.

#25 MsomaUsiku
Na litachakaa hilo pia. Mtaalamu wa lugha Steven Pinker mwaka 1994 alilipa jina jambo hili, gurudumu la tafsida: neno jipya linaletwa kufunika kitu, kitu kinalichafua neno, linaletwa jingine. Mwaka 1910 Henry Goddard, mwanasaikolojia wa Marekani, alileta neno "moron" kuwa istilahi safi ya kitaalamu kwa watu wenye akili pungufu kidogo. "Idiot" na "imbecile" nayo yalikuwa madaraja ya kitaalamu. Leo yote matatu ni matusi. Daktari aliyaandika kwenye faili, watoto wakayachukua kwenda nayo uwanjani.

#26 Chatu_Mpole
Chooni, msalani, maliwatoni, "naenda kujisaidia", "nakwenda haja". Mahali ni palepale, harufu ileile, majina matano. Nakubaliana na gurudumu.

#27 Mama Pacha
Mimi sikubaliani nalo lote. Mnaliongelea kama mvua, inanyesha tu. Mtu mwenye ualbino hakupewa jina hilo na gurudumu. Walisimama wakasema tuiteni hivi. Kuna tofauti kati ya kufunika aibu na kudai heshima, hata kama kwenye karatasi yote ni kubadilisha neno.

#28 NesiZamu
Kwenye tafsida nina neno, na ni la kazini.

Mama mmoja wa makamo alikuja mara tatu. Kila mara: "Nesi, naumwa huku chini." Chini wapi, mama? "Chini tu." Akishika tumbo. Akapewa dawa ya tumbo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikafunga mlango, nikachukua karatasi nikachora mwili wa mwanamke, mchoro wa kitoto tu, nikampa kalamu. Alikaa nayo muda. Halafu akaweka nukta, nusu akiifunika kwa kiganja. Alikuwa na kidonda cha wiki tatu.

Hakuna aliyemdanganya wala yeye hakudanganya. Neno ndilo lililokosekana, na wiki tatu zikapita kwenye upungufu huo. Tangu siku ile mimi ndiye ninayeanza kutaja, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyotaja goti: uke, uume, hedhi. Nikishataja mimi, mgonjwa anapumua. Lakini niseme ukweli wangu: kuna sehemu moja mpaka leo naiita "njia ya haja kubwa". Jina lake la mtaani halijawahi kutoka mdomoni mwangu nikiwa nimevaa sare.

#29 BintiKamusi
Nesi, kisa chako kizito. Na tazama: hata hayo unayoyaona wazi ni vifuniko. Uke ni hali ya kuwa mke, uume hali ya kuwa mume, kama utoto na uzee. Hedhi na haja tumeazima Kiarabu, kama fariki, ambalo asili yake ni kutengana. Neno la kuazima lina kitambaa juu yake, haligusi ngozi moja kwa moja. Marehemu ni "aliyerehemiwa", ndani yake kuna dua. Na hayati, ambalo watu wengi huliweka kwa viongozi waliokufa, kwa Kiarabu ni uhai. Tunamwita maiti uhai. Mvumo, ulipofuta "amefariki" ulikuwa unafuta tafsida ya watu waliokutangulia, imeshachakaa ukaona nyama.

#30 FundiBomba
Dada hapo umenimaliza. Hayati ni uhai!

#31 Kibatari
Kuna woga pia, tusisahau. Warusi dubu wanamwita medved, yaani mla asali. Jina la asili lilipotea kwa kuogopa kwamba ukilitaja anakuja. Wajerumani na Waingereza nao wanamwita "wa kahawia".

#32 BintiKamusi
La Warusi sawa. La "kahawia" lina ubishi, wapo wanaoona asili yake ni mnyama wa porini. Na si kila mtu aliogopa: Wagiriki walibaki na jina la zamani, arktos. Lakini Wagiriki haohao Bahari Nyeusi, iliyokuwa ikizamisha vyombo vyao, waliiita Euxeinos, yenye kukaribisha wageni. Kuisifu ili isikasirike. Na karibu nasi zaidi, kwa Wazulu na Waxhosa, hlonipha: mke anaepuka hata silabi zilizomo kwenye majina ya wakweze, anabadilisha maneno ya kila siku ili asizitamke. Wapo wanaisimu wanaoona kuwa ndiyo njia mojawapo iliyoingiza vidoko, zile sauti za kualika kwa ulimi, kwenye lugha hizo, kwa kuazima kwa majirani. Heshima imebadilisha lugha mpaka kwenye meno.

#33 Chatu_Mpole
Mimi nataka kuitetea tafsida mbele ya nesi.

Simu ya saa kumi alfajiri. Kaka yangu: "Jiandae uje nyumbani, hali ya mzee imebadilika." Nilijua. Naye alijua kwamba nimejua. Tukanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama gari lina mafuta ya kutosha. Nimeendesha saa sita nikiwa na baba ambaye hali yake imebadilika. Hajafa. Hali imebadilika. Niliingia uani, nikaona viti vimepangwa, ndipo akafa. Angeniambia kwenye simu nisingefika, ningeingia mtaroni.

#34 Kibatari
Chatu, kwangu ilikuwa kinyume. Niliambiwa "mgonjwa anaendelea, njoo tu". Mimi nikaamini neno kama lilivyo. Njiani nikasimama duka la dawa nikanunua zile alizoandikiwa. Nimefika nimezishika mkononi kwenye mfuko, watu wananitazama mfuko. Mpaka leo nikisikia "anaendelea" mwili unasisimka. Wewe ulikuwa na ufunguo wa lile neno, mimi sikupewa.

#35 Chatu_Mpole
Pole sana ndugu yangu. Sikuwahi kufikiria upande huo.

#36 Mlinzi_wa_Faili
Salaam. Nimepita kimya, ila kuna tafsida nyingine haijatajwa, ya mwenye nguvu. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi mahali. Barua ikaja: "kutokana na maboresho ya muundo, nafasi yako haitahuishwa." Nimeisoma mara tatu. Nikaenda kwa katibu muhtasi nikamuuliza, "Dada, kwa hiyo nimefukuzwa?" Akaangalia chini akasema, "Ndiyo kaka." Neno lake hilo moja lilikuwa na huruma kuliko barua nzima. Chatu, kaka yako alificha neno ili akulinde wewe. Aliyeandika barua alificha ili ajilinde yeye. Tukiyaita yote tafsida tunawasaidia wenye barua. Siku ile ningepewa tusi la wazi ningejua pa kusimama.

#37 Kinyonga
Nakazia. Na mimi niulize la mwisho: mbona nikitukana kwa Kiingereza sioni aibu, kwa Kiswahili nasikia joto usoni?

#38 MsomaUsiku
Boston, mwaka 2003, Catherine Harris na wenzake waliwapima Waturuki wanaojua Kiingereza, kwa mashine inayosoma jasho la ngozi. Matusi, na zaidi makaripio ya utotoni, yale ya "huoni aibu!", yaliwasisimua zaidi kwa Kituruki. Lugha uliyokaripiwa nayo ndiyo inayokuchoma. Mlango haukukupiga wewe pekee, Mvumo, umemwamsha na yule aliyekukataza.

#39 BintiKamusi
Na hapo tunarudi kwa FundiBomba: kama nguvu ya tusi inatoka kwa aliyekukataza, basi ukilitumia kila siku unamzoea, na dawa inaisha. Lakini hilo halijibu la Mama Pacha, kwa nini kilichokatazwa ni mwili wake. Nimelifikiria tangu asubuhi, sijalipata.

#40 NesiZamu
Mjukuu77, kama hutaona vibaya. Bibi lile neno alikuwa analitumia wapi hasa? Kazini huwa nauliza familia hivyo, linasaidia kumwelewa mgonjwa.

#41 Mjukuu77
Si vibaya nesi. Mwanzoni kwa hasira, kijiko kikimponyoka. Baadaye tukaona linabadilika. Akitaka dirisha lifunguliwe lilikuwa fupi, limekatwa. Wajukuu wadogo wakiingia lilikuwa refu, linapanda mwishoni. Mama akajifunza kumjibu kwa sauti tu.

Wiki ya mwisho nilikuwa namgeuza kitandani, usiku, nimechoka. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akanitazama, akalitamka polepole, mara mbili. Nikamwambia, "Ahsante na wewe, bibi." Akatikisa kichwa kukubali.

#42 Mvumo
Nimeusoma uzi wote toka juu, kidole bado cheusi. Rafiki yangu kajibu ujumbe wangu leo. Kaandika: "Ndiyo. Mama amekufa." Nampigia sasa hivi.